Kicheko Ndani ya Chupa ya Hewa

Jumatano, 4 Februari

Jua! Siku themanini na nane hatujaliona, leo limechungulia juu ya barafu, jekundu, nusu tu, kama mtu anayetoka kuoga anaangalia nani yuko sebuleni. Dakika kumi, likarudi. Tumecheza wote, hata mbwa. Nami ndiyo zamu yangu ya chupa za hewa, zile za kuchukulia sampuli za kituo chetu. Sheria ni moja: simama upepo ukupige usoni, bana pumzi, fungua koki, funga, ndipo upumue. Pumzi ya mtu ina hewa ukaa tele, gesi ileile tunayoipima, inaharibu kipimo. Nimebana vizuri — halafu Matryona mpishi akaligombeza jua, eti limechelewa, chai imeshapoa. Nikapasuka! Kicheko chote kikaingia chupani. Kwenye fomu nimeandika: safi. Vidole vimeganda, nani arudie?

Alhamisi, 5 Februari

Balaa. Juzi mashine ilisoma hewa ukaa sehemu mia nne na thelathini kwa milioni. Leo, chupa yangu ya jana, mia sita na kumi na moja. Mkuu wetu Varvara Innokentievna — bado mbichi, wa rika la binti yangu — hata chakula hakugusa. Anasema bahari imepasuka mahali, imepumua gesi yake. Nikamjibu ndiyo, bahari nayo imezeeka. Akaliandika hilo!

Ijumaa, 6 Februari

Kesho adhuhuri anatuma ripoti makao makuu. Anapita koridoni anaimba. Nikikiri, nafukuzwa kazi, helikopta ya Jumapili inanibeba hadi kwa binti yangu mjini: ghorofa ya tano, lifti, paka anayevaa sweta. Miaka kumi na tisa niko hapa! Nisipokiri, atachekwa yeye, nchi nzima. Matryona kanikatia samaki wa kuganda, akauliza eti hiyo gesi mpya inanuka kitunguu? Mchawi yule, ameshajua ni pumzi yangu. Nimekula vipande tisa.

Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda. Ripoti iko tayari kwenye kompyuta, kidole chake kiko juu ya kitufe.

"Varvara Innokentievna, bahari haikupumua. Ni mimi."

Akawa mwekundu kama supu ya Matryona. Akafuta ripoti yote. Nikadhani yamekwisha, nikaanza hata kumtania — mshukuru mzee, nimekuokoa aibu. Ndipo akashusha madaftari ya vipimo, ya miaka yote, akayapanga mezani.

"Babu Prokopy, kwa miaka kumi na tisa, umecheka mara ngapi?"

Anataka na tarehe. Niandike ukweli mtupu, halafu ataamua kama napanda helikopta kesho. Ameketi mbele yangu, amekunja mikono, anadhani hii ninayoandika ndiyo orodha. Haya. Siku kulungu alipoingia bafuni. Siku ya suruali ya Matryona. Mwaka ule mbwa alipomeza kipimajoto, tukawa tunampima mbwa...

Vidole vya mikono vimekwisha. Navua buti.