Mabanzi Sita ya Mwanzi

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
6 Novemba 1988

Kwako Baba Mpendwa,

Assalaam alaikum, na shikamoo yangu ikufikie hapo barazani, maana najua alasiri kama hii ndipo unapojinyoosha. Macho yanaendeleaje? Ukungu umepungua, au bado watu unawatambua kwa sauti? Na kifua cha mama je? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mungu, mimi, Siti na mtoto. Joto limeanza, na mvua za vuli zinatutania tu, zinanyesha dakika tano kisha jua linawaka kama halijaona kitu.

Baba, barua zangu zote hukusomea dada Najma. Hii nimemwomba Sadalla, anayerudi Kisiju na lori lililoleta nazi, apitie kwanza ukweni kwa Mudi, amkabidhi yeye, na waje wote wawili nyumbani. Nataka akusomee Mudi. Najua ulisema mdogo wangu hakanyagi tena ukumbi wako. Nakuomba kwa heshima zote umruhusu leo tu, akae, asome mpaka mwisho. Sababu utaisikia mbele. Nikiitanguliza hapa, hayo mengine sitaweza kuyaandika.

Mji umebadilika sana tangu uje mara ya mwisho. Wakati ule uliona rafu tupu na watu wamepanga foleni ya sabuni. Sasa mambo ni ruksa, vitu vimerudi, na mitumba imemwagwa mpaka njia ya kupita hakuna. Bwana Umakant, yule mwenye duka la vitambaa ninayeshonea barazani kwake, ameyapanga majora mpaka yamegusa dari. Mkewe, Bi Bhagwati, ambaye sote tunamwita Mama Kajal, ndiye aliyekuwa akiwakatia wateja vitambaa. Wanaishi ghorofani juu ya duka. Kila asubuhi Mama Kajal alikuwa akinishushia chai ya maziwa yenye tangawizi, na miaka yote ile hakuwahi kunipa kikombe ila kwa mkono wa kulia. Dini zetu mbalimbali, lakini hilo tumelelewa sawa.

Mwezi wa nane mteja alitaka poplini ya bluu iliyokuwa juu kabisa. Mama Kajal akapanda kigoda, kigoda kikayumba, akaanguka na kuukinga mwili kwa kiganja cha mkono wa kulia. Niliusikia mlio ule nikiwa kwenye cherehani.

Hapa nikueleze, baba, jina nililokuwa nimejipatia. Wachukuzi wa sokoni walikuwa wakiteguka, nawachua, wanapona. Na kuteguka, wewe wajua, hupona hata ukichuliwa kwa maji ya bomba. Lakini wao wakanisifu, na mimi nikavimba kichwa, nikawa nawaambia watu kuwa baba yangu ndiye fundi wa kuunga mifupa anayejulikana pwani yote ile, na kwamba amenipa mkoba wake. Kwa hiyo Mama Kajal alipoanguka, kabla Bwana Umakant hajatoka nyuma ya meza, watu walikuwa wameshaniita.

Nilifanya ulivyokuwa ukifanya. Nilimketisha, nikaiweka mikono yake miwili sambamba mezani, mzima na mgonjwa, nikaitazama kabla ya kuigusa. Juu ya kifundo mkono ulikuwa umepinda kama mgongo wa kijiko. Nilipopapasa taratibu nikasikia ncha za mfupa zikisagana. Sikuuchua, maana ulitufundisha kwamba mfupa uliovunjika hauchuliwi. Bwana Umakant alitaka teksi wampeleke hospitali, wakapige picha na kumfunga hogo la plasta. Mimi nikasema hakuna haja. Nikasema foleni ya hospitali itamtesa mama wa watu bure, na kazi hii ipo kwenye damu yetu. Binti yao Kajal akamshika bega, mimi nikavuta, nikausikia mfupa unarudi mahali pake. Mama Kajal hakupiga kelele, alifumba macho tu na kutaja jina la Mungu wake. Nikaweka pamba, nikapanga mabanzi kuuzunguka mkono, nikafunga kwa kaniki, nikakaza. Mabanzi nilikuwa nayo, nitayasema baadaye. Nikawaambia isifunguliwe mpaka siku ya tatu, kama ulivyokuwa ukiwaambia wagonjwa wako. Watu wa mtaani wakanipigia makofi, na haya ya makofi yale bado ninayo usoni.

Kesho yake asubuhi Kajal alishuka. Akasema mama hakulala, vidole vimevimba, na vina ganzi. Nilikuwa na sare za shule za kumalizia, nikamjibu bila kuinua uso, "Ni dawa inafanya kazi." Jioni akashuka tena. Akasema sasa mama hasikii hata akifinywa, na maumivu yamepanda mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia wavumilie, siku ya tatu bado. Ngazi za kupandia kwao zina vidato kumi na nane, baba. Sikuzipanda.

Nitakwambia kweli, nilishaogopa jioni ile. Moyoni nilijua ganzi si dawa. Lakini niliwaza kwamba nikipanda na kufungua kabla ya siku, Kariakoo nzima itasema fundi amebabaika. Nikaona bora maumivu ya mwenzangu kuliko aibu yangu.

Siku ya tatu ndiyo nilipanda. Nilipofungua, vidole vilikuwa vyeusi na baridi, ngozi imetoka malengelenge, na vyote vitano vimejikunja. Nikamwomba avinyooshe. Akavitazama kama vya mtu mwingine. Bwana Umakant hakunitukana. Alichukua shuka, akaufunika ule mkono, akateremka kutafuta teksi.

Hospitali alitupokea daktari mmoja, Vitalis. Aliipasua ngozi ya mkono kwa kisu ili uvimbe upumue, akapiga picha, kisha akaniita pembeni. Alisema mfupa umekaa vizuri mno, hata yeye asingeuweka hivyo. Nikataka kushusha pumzi. Akaniambia, "Mfupa uliuweka wewe, na mkono umeuua wewe huyo huyo."

Akanieleza kwamba mkono uliovunjika huvimba baada ya kufungwa, si kabla, na kitambaa hakitanuki, kwa hiyo damu hukosa njia na nyama hufa ndani. Hata hogo la hospitali, akasema, likibana hupasuliwa saa ile ile. Ndiyo maana vidole huachwa wazi, na mtu huvitazama asubuhi na jioni. Akaushika mkono wangu kunionyesha. Akabonyeza ukucha kwa dole gumba mpaka ukawa mweupe, akaachia, akasubiri wekundu urudi. Akaniuliza kama nasikia, akaniambia nichezeshe vidole.

Baba, hapo ndipo nilipokukumbuka. Nilikuona wewe. Nilikuona unavyoingia kwa mgonjwa asubuhi, na jioni tena, unamshika mkono ule uliofungwa unamsalimia, na salamu haziishi. Unauliza kuku wametaga, muhogo umeiva, mjomba amerudi Mafia, na mkono wake bado umeushikilia, dole gumba juu ya ukucha, huku ukimtania akufinye kama ana nguvu. Mimi nimesimama nyuma nimebeba chupa ya mafuta, nachoka, nasema moyoni mzee huyu ana maneno mengi. Tukitoka uliniuliza, "Umeona?" Nikajibu nimeona. Sikuwa nimeona kitu. Miaka yote ile nilidhani unasalimia tu. Siku tatu nilizihifadhi vizuri, salamu nikaziacha Kisiju, nikiona ni mambo ya watu wasio na haraka.

Sasa niseme lile lililonifanya nimtake Mudi asome. Mudi, usiruke neno.

Mkoba hukunipa. Nilipoaga kuja mjini nilikuomba, ukanijibu kwamba mikono yangu ina haraka, na kwamba Mudi anafaa kuliko mimi. Usiku huo niliufungua mkoba wako nikatoa mabanzi sita ya mwanzi, yale aliyoyachonga babu, nikayafunga ndani ya suruali zangu. Mimi, baba. Ulipoyakosa ukasema ni Mudi ameyauza kwa waganga wa Mbagala, naye akaapa, na hukumwamini, mpaka akahamia ukweni. Ulinipa habari hizo kwa mkono wa Najma. Nami nikakujibu, barua unayo, nikasema pole baba, Mudi ni kijana, msamehe. Niliandika maneno hayo mabanzi yakiwa chini ya godoro langu. Ni mwaka wa pili sasa hamli sahani moja.

Mama Kajal alirudi nyumbani baada ya wiki tano. Mfupa umeunga. Vidole vimebaki vimejikunja ndani ya kiganja, na daktari amesema huenda viwili vikalegea kwa mazoezi ya maji ya uvuguvugu, hivyo vingine tusitumaini. Kitambaa anakata Kajal sasa. Mimi nilikusanya vitu vyangu niondoke barazani, Bwana Umakant akaniuliza naenda wapi, na nani atamshonea. Tangu hapo kila asubuhi na kila jioni napanda vile vidato kumi na nane, namshika Mama Kajal ule mkono, namsalimia kwa kirefu. Naviosha na kuvinyoosha vidole, nabonyeza kucha. Damu inarudi, baba, lakini nimechelewa kuitazama.

Juzi, mara ya kwanza tangu aanguke, alinimiminia chai mwenyewe. Aliinua kikombe, akakisogeza mbele yangu, akasita. Kisha mama yule, niliyemlemaza mimi, akaniinamishia kichwa akasema, "Samahani, Abbasi, nakupa kwa kushoto."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Sikuweza kuinywa. Nilishuka, nikatafuta karatasi hii.

Mabanzi yote sita anayo Sadalla, yamefungwa kwa kaniki ile ile. Yapapase uyahesabu, kisha yarudishe kwenye mkoba, na mkoba umpe uliyemchagua. Unisalimie mama, umwambie sijambo wa mwili. Msalimie dada Najma, na majirani wote watakaouliza. Siti anakuamkia, mtoto anakuamkia. Mimi sikuombi radhi kwa barua. Nitakuja mwenyewe kabla ya mfungo, unifanye utakavyo.

Mudi, ndugu yangu, kusoma kumeisha. Weka karatasi chini umpe baba mkono, wa kulia.

Ni mimi mwanao niliyekosa,
Abbasi