Namfukia mzee sarafu ili aje azifukue

Tarehe 9 Agosti. Huu ni mwaka wa nne tangu niondoke nyumbani.

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na kama barua ni ndefu unisamehe, shule niliishia njiani na sikufika kwenye somo la kufupisha maneno. Mimi ni mfunga nondo kwenye jengo la ghorofa, kazi yangu ni kuinama kutwa nzima na koleo mkononi nikikaza waya kwenye vyuma kabla zege halijamwagwa, na wenzangu wa chumbani ni watu wazuri ila tukirudi kila mmoja anageukia ukuta na simu yake, na nikipiga kwetu mke wangu ananipa habari za nyumba haraka haraka kama msomaji wa taarifa, na juzi binti yangu mdogo akaniuliza, "Baba, ukija utakaa siku ngapi?" kama anavyoulizwa mgeni, nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata mwenyewe.

Jumapili hatufanyi kazi. Nyuma ya kambi yetu kuna uwanja mpana uliokuwa soko, soko likahamishwa zamani, sasa ni majani tu, na siku moja nikizurura nilimkuta mzee anapitisha juu ya majani mashine ya kutafutia vyuma, ile yenye mpini mrefu na kitu kama sahani chini, nilipomsogelea ikapiga kelele mpaka akavua hedifoni.

"Kijana, una nini mfukoni?"

"Waya wa kufungia nondo, mzee. Na viatu vina chuma mbele."

"Basi simama kule, nisije nikakuchimba wewe."

Tangu hapo ananiita Nondo. Yeye watu wa mtaani wanamwita Mzee Vizibo, kwa sababu vizibo vya soda ndivyo anavyofukua zaidi. Alikuwa fundi saa na meza yake ilikuwa ndani ya soko hilohilo, kwa hiyo anajua kila kitu kilikuwa wapi, anasema chimba hapa, hapa alikaa muuza maji, mtu mwenye kiu hakagui chenji yake, nami nachimba na kweli sarafu inatoka, anaisugua kwa kidole gumba na kunisimulia mambo ya wakati huo, nani alioa, nani alifilisika, nani aliuza saa ya baba mkwe wake. Katika mji huu wote ni yeye tu anayenisubiri mahali.

Lakini uwanja ukaisha. Kila pembe tumeshaipitia, na kwingine hakuna kitu kwa maana siku hizi hata pipi moja inalipiwa kwa simu, tumejaribu nje ya kituo cha mabasi, tumejaribu kando ya kiwanja cha mpira, ni vizibo na misumari. Mzee akasema, "Nondo, zamani sarafu ikidondoka mtu anaona uvivu kuinama, anaiacha. Simu ikidondoka anarudi kuitafuta yeye na majirani zake. Hawa wa sasa hawatuangushii kitu. Watakaokuja na mashine baada yetu watajuaje kwamba tulipita hapa?" Nikawaza mshahara wangu unaingia kwenye simu na kutokea kwenye simu, na mimi katika mji huu sijawahi kuangusha hata sarafu moja. Kisha akasema ataiuza mashine. Mshauri, niliona Jumapili zangu zinauzwa pamoja nayo.

Ndipo nikaanza mchezo huu. Kwenye kituo cha mabasi cha zamani kuna choo cha kulipia, na mama anayekaa mlangoni bado anapokea sarafu, namtumia hela kwa simu ananimiminia sarafu kutoka kwenye kopo lake, anasema, "Wenzako wananikimbia na chenji yangu, wewe unaifuata mpaka chooni. Una akili timamu kweli, kaka?" Nazilaza kwenye siki na chumvi, naziacha bila kuzisuuza mpaka zishike kutu ya kijani, Jumamosi tukitoka kazini nakwenda kuzifukia, Jumapili mzee anazipata. Sijui nikueleze vipi anavyofurahi. Habari ya kuuza mashine aliiacha kabisa. Mara moja tu nilikosea, sikuangalia mwaka, nikafukia sarafu iliyotengenezwa baada ya soko kufungwa, akaisugua, akaitazama kwa muda, akaitia mfukoni na kuniambia, "Haya, chimba na pale." Nikashukuru kwamba macho yake yamechoka.

Sasa shida ni hii. Mzee ni mjane na anaishi peke yake, na siku hizi anasahau, mara mbili nimemsindikiza nyumbani nikakuta jiko linawaka tangu asubuhi. Binti yake ni muuguzi katika mji mwingine, amemtengea chumba, na mwezi uliopita alikuja kumchukua akatukuta uwanjani.

"Baba, kitanda kipo, pazia nimeweka. Unangoja nini?"

"Mwanangu, siwezi kuondoka sasa. Uwanja umeanza kutoa tena. Muulize Nondo."

Yule dada akanigeukia. "Kaka, ongea naye wewe. Mimi hanisikilizi." Nikatazama viatu vyangu, nikasema mzee anajua mwenyewe.

Jengo likiisha mimi naondoka. Nikimwambia ukweli nitamvunja moyo na huenda asitake tena kuniona, na hizi Jumapili chache zilizobaki nitazimaliza nikitazama ukuta kama wenzangu. Nikinyamaza, nitamwacha kwenye uwanja usio na kitu na jiko linawaka. Nifanye nini?

Slabu ya mwisho ikishamwagwa nami nikalipwa, natarajia kurudi nyumbani wiki ya kwanza ya Desemba.

Mfunga Nondo

*

Ndugu Mfunga Nondo,

Nianze na pole, kwa sababu ukali unakuja. Mtu anayenunua chenji mlangoni mwa choo ili apate wa kuzungumza naye Jumapili ana upweke mkubwa, na mimi sitaucheka. Barua za watu walio mbali na kwao napokea nyingi. Wengine upweke wao wanaupeleka mahali pabaya zaidi.

Sasa nikugombeze. Ulipoanza kufukia sarafu ulikuwa unamfurahisha mzee. Siku binti yake alipokuja na habari ya kitanda na pazia, mchezo uligeuka, na wewe uliona ukigeuka. Dada wa watu amekuomba msaada kwa adabu, ukatazama viatu. Kwa hiyo mzee mwenye kusahau jiko analala peke yake ili wewe usikae chumbani kutazama ukuta. Hivyo ndivyo ilivyo, na ukiisoma taratibu haitakupendeza.

Halafu unaniambia macho yake yamechoka. Mtu aliyefungua saa za watu maisha yake yote, akachomoa humo vigurudumu vidogo kuliko punje ya mchele, ashindwe kusoma mwaka kwenye sarafu aliyoishika mkononi? Mimi nadhani aliusoma vizuri sana. Nadhani anajua nani anazifukia, na nadhani chumba cha binti yake anakikataa kwa sababu kuna kijana mmoja asiye na mtu Jumapili. Naweza kuwa nimekosea, simjui. Lakini hata kama anajua, hiyo haikuondolei wajibu wa kusema. Mnalindana kwa kunyamaza, na wakati mnalindana jiko liko nyumbani linawaka.

Kuhusu sarafu, zimekwisha. Wewe na mama wa choo hamtazirudisha. Lakini mashine asiiuze. Watu hawaachi kupoteza vitu kwa sababu wameacha kulipa kwa chenji. Pete bado zinachomoka, funguo zinadondoka, hereni zinapotea kwenye majani, na safari hii mwenye kitu yupo hai analia. Hospitali anayofanyia kazi binti yake ina bustani na ina wauguzi wenye pete. Mzee aende huko na mashine yake, atatafutwa yeye.

Usingoje Desemba. Mwambie Jumapili hii. Usimwambie kwa simu, na usimtume binti yake akusemee. Sema maneno machache: "Mzee, sarafu hizi nilizifukia mimi. Nilitaka uendelee kuja." Usiongeze kisingizio. Akikasirika, mwache akasirike, usimfuate nyuma ukijieleza. Nenda tena wiki inayofuata, simama pale anapokuona. Akishatulia, mpigie yule dada mbele yake, mpange siku ya kuhama ukiwa bado upo, ili masanduku uyabebe wewe. Mgongo unao.

Na kwenu piga simu leo. Binti yako ameuliza swali la maana, nawe ukamkatia. Mjibu utakaa siku ngapi. Kama hujui, mwambie hujui, kisha umuulize yeye angependa ngapi, na usikate mpaka amalize kuongea.

Jumamosi usipite kituoni. Jumapili nenda uwanjani na ardhi ikiwa haina chochote chako, mwombe mzee azime mashine, mkae kwenye majani. Unachoogopa ni kwamba pasipo sarafu hamtakuwa na la kuzungumza. Kaeni hapo mpaka mjue kama ni kweli.