Ubao Uliokuwa Wako

Nakamachi, Matsumoto,
14 Novemba 1968.

Mpendwa Kaka Sadakazu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Afya yako vipi huko São Paulo? Na mtoto, ameshaanza kutembea? Huku baridi imeingia na magoti ya Mama Mkubwa yanamsumbua, lakini tu wazima.

Nimechelewa kukuandikia. Niliona haya.

Tangu theluji ilipoyeyuka, Baba Mkubwa ananifundisha kutia nguo rangi kwa violezo. Nilianza kwa kumwoshea brashi tu, maana mgongo wake haumruhusu tena kuinama. Siku moja akanipa mwiko nipake gundi ya mchele juu ya kiolezo, kwenye ubao uleule uliokuwa wako. Akanitazama, akasema, "Unapaka kama unamlisha mtoto aliyeshiba. Bonyeza, binti." Nikabonyeza. Tulipoinua kiolezo, majani ya mwanzi yalibaki pale kwenye kitambaa, kila jani na ncha yake. Kaka, nilifurahi mno, kisha nikakukumbuka.

Juma lililopita nilitia nili kitambaa kizima cha kimono peke yangu. Gundi ilipooshwa na michoro ikatokea myeupe pale ilipozuia rangi, Baba Mkubwa alikigeuza huku na huku, akatafuta doa, akakosa. Tulipokaa kula, akasema mwakani duka atanikabidhi mimi.

Mama Mkubwa akaweka vijiti vyake chini. "Na Sadakazu je?"

"Aliyekwenda zake haulizwi."

"Ataulizwa. Nilimzaa mimi, si wewe."

Hakuna aliyemaliza supu yake. Mimi nilikaa kama mwizi aliyekaribishwa chakula. Nikasema sitajibu mpaka nikusikie wewe. Baba Mkubwa akasogeza bakuli lake kando, akasema, "Basi mwandikie wewe. Mimi mkono unatetemeka."

Ni uongo, Kaka. Asubuhi yake alikata kiolezo cha maua madogo kama punje za mtama, na kisu hakikuyumba.

Barua hii nimeichana mara kadhaa. Kila nikifika mahali pa kukuomba urudi, nashindwa, kwa sababu kazi hii naipenda na sitaki kuiacha. Hilo ndilo linaloniumiza. Ukisema unarudi, nitakupisha. Nitalia, lakini nitakupisha. Na hata kama hurudi, usinijibu mimi peke yangu. Mwandikie na baba yako, japo mistari miwili.

Nisalimie wifi Hisae, na umbusu Tomoharu mdogo. Mama Mkubwa anakutaja kila asubuhi anapowawashia wahenga ubani. Nanyi mlindwe huko mliko.

Wako akupendaye, ingawa kwa haya,
Mdogo wako, Chizuru