Mama, Merveille Amechomwa Penisilini

Mama,

Naanza na habari ambayo, ungekuwa hapa, ungenifukuza nayo nyumbani: mjukuu wako Merveille amechomwa sindano ya penisilini, na mimi mwenyewe ndiye niliyemshika mkono. Usikasirike kwanza, nikueleze.

Baada ya kukuzika, mtoto alianza kuumwa magoti, kisha akawa anahema akipanda kilima cha kwenda shule. Daktari wa watoto hapa Bunia akasema yale maumivu ya koo ya kila mara yameanza kumharibu moyo. Dawa ya kumlinda ni penisilini, sindano kila mwezi, kwa miaka mingi. Akamfunua amsikilize mgongo, akaona ndani ya kola maandishi yako ya uzi mwekundu: PENISILINI HAPANA. Akasita. Dawa ya badala, akasema, haina nguvu kama hiyo, na mara nyingi hapa haipatikani. Niliogopa dawa, Mama, na niliogopa pia kuikosa.

Ulishona maneno hayo kwenye kila nguo yake, hata ya kulalia, baada ya kukimbia Djugu ukiwa naye mgongoni na kupoteza fishi yake, ile kadi ya lopitali, njiani. "Karatasi inapoteaka," ulisema, "lakini mutoto hawezi toka bila nguo." Hukufikiria kwamba nguo zikimbana zinakwenda kwa mdogo wake. Dieumerci naye alinyimwa dawa hiyo mara mbili kwa ajili ya shati la dada yake, na mimi mama yao niliitikia tu. Sasa nacheka ninapoandika. Siku ile sikucheka.

Nikamwambia daktari ulivyoamini: alipopewa penisilini akiwa mgonjwa, Merveille alitoka vipele. Akaniuliza: vilitoka siku ya ngapi ya dawa? Uso ulivimba? Alipumua vizuri? Wakati ule Merveille alikuwa na miaka miwili, na mimi nilikuwa Mahagi nikinunua maharage, sikuona chochote. Nikataka kusema aliyejua ni wewe tu, na wewe hupo. Halafu nikajikuta najibu. Siku ya tano, asubuhi. Tumboni kwanza, kisha mgongoni. Hakuvimba, hakukosa pumzi, alikula uji akamaliza bakuli. Ulitusimulia kisa hicho kila mgeni alipoingia, hadi mume wangu akawa anakumalizia sentensi. Nikafika hata pale ulipopenda kuinua kidole: "Batoto ya jirani nao balitoka bile vipele, na dawa habakunywa."

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema huenda ni ugonjwa wenyewe wa wakati ule ulioleta vipele, siyo dawa, na kwamba watoto wengi huandikiwa mzio wasio nao. Lakini alinikataza nisijaribu nyumbani. Tulikaa lopitali, wakampa kidogo dawa ya kunywa ya jamii hiyo, wakangoja, wakampa dozi kamili, sindano ya kumwokoa dawa ikimkataa ikiwa tayari mezani. Nilimfunua tumbo kila mara mpaka akanisukuma. Tukamwangalia siku kadhaa nyumbani, hakuna kitu. Wiki iliyofuata akachomwa. Dieumerci wala hakuhitaji kujaribiwa, maana kosa lake lilikuwa shati.

Siku moja, mbele ya wageni, nilikuambia kisa hicho kimetuchosha. Uliendelea kuchambua majani ya sombe. Nisamehe, Mama. Ulikosea kuhusu dawa, lakini uliangalia vizuri kuliko sisi sote, na ulichokiona ndicho kilichompa mjukuu wako dawa yake. Asante. Asante kwa kurudia na kurudia tulipokuwa tunageuza macho.

Magoti hayamuumi tena. Moyo, daktari anasema, tuulinde, na nitaulinda.

Pumzika sasa. Nakuahidi sitakosa siku yake ya sindano hata moja. Na ikibidi tukimbie tena, nitamshika mkono twende, na popote tutakapofika, kabla ya kuuliza mahali pa kulala, nitauliza ni nani hapa anayechoma penisilini.

Binti yako,
Solange