Milimita Saba za Siku ya Tisa

Mbugangari, Rubavu
Jumapili, 9 Novemba 2025

Yaya wangu Verediane,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua huko utawani unaitwa Sista, na kwamba Watanzania wakisikia yaya humfikiria mlezi wa watoto anayelipwa, si dada mkubwa, lakini mimi nitakuita kama mama alivyotufundisha kule Masisi kabla hatujarudi Rwanda, hata Mama Mkuu wako akinuna. Habari za Kigoma? Kifua chako bado kinakusumbua wakati wa vumbi? Sisi hatujambo. Mke wangu Akaliza anakusalimu sana, na watoto wanauliza lini utawaletea tena ile migebuka mikavu ya ziwa lenu. Mdogo amekuwa mtundu kama nilivyokuwa mimi, kwa hiyo mwombee.

Barua yako niliipata. Umeniomba picha ya ukurasa mmoja wa daftari la baba, ule wa Septemba ya novena, ili usomwe kwenye misa ya miaka ishirini ya nadhiri zako. Picha nimeiweka humu ndani ya bahasha. Lakini nakuomba usiitazame kwanza. Soma barua hii mpaka mwisho, tena ukiwa umekaa.

Madaftari yote kumi na tisa niliyatoa sandukuni, na chumba kizima kikanuka moshi wa jiko letu la Mudende. Nikacheka peke yangu. Unaikumbuka ile baridi? Saa mbili kamili asubuhi, ukungu umeumeza mlima Karisimbi wote, baba anarudi kutoka kuongoza sala kanisani, rozari bado ameizungusha mkononi, na hapiti nyumbani kwanza. Anakwenda moja kwa moja kwenye kipima mvua nyuma ya zizi. Anachuchumaa, anamimina maji kwenye bilauri ya kupimia, anaiinua mpaka usawa wa macho. Sisi wawili tuko nyuma yake na vikombe vya maziwa ya mgando, midomo myeupe. Ilikuwa mwiko kusema neno kabla hajaandika. Siku kavu aliandika sifuri kwa mwandiko uleule mzuri, na alituambia kwamba kuandika mvua isiyonyesha ni kuvunja amri ya nane, sawasawa na kumsingizia jirani. Nikiwa mtoto nilidhani kila katekista duniani ana kipima mvua. Yaya, natamani asubuhi moja tu kama zile.

Shuleni nina mwenzangu mmoja, Gentil, anafundisha hisabati. Huniuliza nawezaje kufundisha fizikia Ijumaa na kuimba besi kwenye kwaya Jumapili. Anasema nimeoa wake wawili chini ya paa moja na siku moja watatwangana. Humjibu kwamba nimekulia katika nyumba yao na sikuwahi kuwasikia wakigombana. Hucheka, tunaendelea na chai yetu.

Mwezi uliopita alikuja kijana anaitwa Bruce, kutoka ofisi ya hali ya hewa. Wanakusanya kumbukumbu za zamani za mvua, na mtu alimtajia madaftari ya marehemu Wenceslas wa Mudende. Alipiga picha kila ukurasa, taratibu, kwa heshima ambayo baba angeifurahia. Mwisho akanipa fomu nitie sahihi kwamba, kwa ninavyojua mimi, tarakimu zote zilipimwa kwa kweli. Niliishika kalamu, nikashindwa. Nikamwomba afute siku moja. Hakuuliza mengi, aliifuta, akamaliza chai, akaaga. Wewe ndiye utakayeuliza.

Unakumbuka jinsi mbegu za viazi zilivyolala vumbini, parokia ikaanza novena ya kuomba mvua. Wewe ulikuwa shuleni huku Gisenyi. Siku ya nane baba na mama waliitwa msibani Goma, mimi nikaachwa kwa jirani yetu Cansilde. Baba alinikabidhi daftari na penseli. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Novena ilikwisha Jumapili. Jumatatu, saa mbili kamili, nilikwenda kwenye kipima mvua. Kikavu. Watu walikuwa wamefunga siku tisa, vikongwe wamepiga magoti kwenye saruji, halafu ndani hamna hata tone. Niliona aibu kwa niaba ya Mungu. Ndivyo ilivyokuwa, sina neno jingine. Nilichukua kopo, nikachota maji kwenye pipa la ng'ombe, nikamimina kidogo ndani ya kipima. Kisha nikapima kwa uangalifu wote niliofundishwa, nikaandika saba kwenye mstari wa Jumapili, maana kipimo cha asubuhi ni cha mvua ya jana yake.

Mvua ya kweli ilianza Jumatano, ikanyesha mfululizo. Jumamosi mlipofika na wazazi, njia ilikuwa tope tupu. Baba akamuuliza Cansilde mvua ilianza siku gani, naye, si unamjua, akasema: "Ah, katekista, mi sijue siku. Iko matope tu, ona!" Ndipo ukafungua daftari. Nilikuona ukiweka kidole juu ya ile saba na kufumba macho. Nilidhani unafurahia viazi.

Nilikuja kuelewa Januari, siku ya kukuaga. Ulisimama mbele ya watu ukasema kwamba ulikuwa umemwomba Mungu ishara: mvua ikinyesha Mudende siku ya tisa ya novena, utaingia utawani, isiponyesha, utaolewa na Aimable. Vigelegele vikapigwa. Aimable alikuwa amekaa karibu na mlango, naye akapiga makofi. Mimi niliinamia Fanta yangu. Pale ndipo ningesema, na nilinyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na miwili. Baba amekufa akiusimulia ushuhuda wako. Nimeungama kwa mapadri watatu, na wote walinisamehe upesi, maana si wao walioacha mchumba.

Usifikiri fizikia imeniharibu ndiyo maana nakuandikia haya. Naamini, yaya. Hata mvua ya Jumatano naamini ilitoka kwake. Lakini wewe ulimuuliza habari ya siku ya tisa, na aliyekujibu alikuwa mtoto mwenye kopo la maji ya ng'ombe. Mungu angekujibu nini, sijui. Nilikunyang'anya jibu lako, na sina pa kulipata nikurudishie.

Naona haya na ninakuogopa. Kwenye ile picha nimeandika kwa kalamu nyekundu, pembeni ya saba: sifuri, na jina langu. Usome hivyo misani, au usisome kabisa, au uichane. Uamuzi ni wako. Ukinikasirikia, kasirika kwa barua ndefu, unitukane hata kwa Kinyarwanda. Usininyamazie tu.

Wasalimie masista wote, na Mama Mkuu mwombee radhi kwa utani wangu. Akaliza hajui habari hii. Ukiacha wale mapadri, nilitaka wewe uwe wa kwanza kuisikia.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja jibu,

Evode