Sentensi Moja Kabla ya Kufuta

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa! Mipaka ya mawakala ni yangu. Bosi ametangaza mbele ya idara nzima, kwa ile sauti iliyompatia jina la Kengele: kuanzia leo hakuna wakala atakayeshika zana yoyote ndani ya mchezo bila mimi kusaini. Nilikodolea macho kikombe changu cha chai ili isionekane ninavyofurahi. Sikufaulu sana.

Nyumbani Mama alitaka kujua cheo hicho ni cha nini hasa. Nikamweleza. Mchezo wetu ni mji wa mtandaoni — watu wanalima bustani, wanajenga nyumba, wanatembeleana. Ndani yake tumeweka mawakala, programu za akili bandia, wawe walinzi. Kila wakala ana zana zake: kukaribisha wageni, kumnyamazisha anayetukana, kumfungia nje anayeshukiwa utapeli. Na ile moja inayoninyima raha: kufuta. Ukifutwa, nyumba, bustani, marafiki, vyote vimekwenda. Havirudishwi.

Mama akafikiri kidogo. Kwa hiyo, akasema, umepewa mbwa uamue urefu wa kamba.

Ndiyo, Mama. Ila mbwa huyu ana funguo za nyumba.

Mdogo wangu akapaza sauti kutoka kwenye kochi, mguu wake wa plasta juu ya mito: "Mwambie mbwa wako asije kunusanusa kwangu!"

Jumanne, 4 Machi

Mpaka wa kwanza ulikuwa rahisi. Wakala anaweza kumfungia mtu nje kwa muda. Kufuta, hapana — anaomba, na binadamu anaruhusu au anakataa. Wote wakaafiki. Bosi akapiga meza kwa furaha. Binadamu yupo, basi tumemaliza!

Hatujamaliza. Binadamu mwenyewe nimemtazama leo. Ni Chapchap, anayekaa meza iliyo mkabala na yangu, spika zake masikioni, karanga mkono wa kushoto, mkono wa kulia kwenye kitufe cha Ruhusu. Maombi ya majaribio yanaingia, anaruhusu. Yanaingia, anaruhusu. Haangalii! Anaitikia muziki kwa kichwa, nadhani anabonyeza kwa kufuata ngoma.

Nikatega ombi la uongo kwenye seva ya majaribio. Futa akaunti ya Bosi. Sababu: anaongea sana.

Akaruhusu. Hata karanga hakuacha kutafuna.

Mkutanoni nikaonyesha. Idara nzima ilicheka mpaka mhasibu akatoka chumba cha pili kuuliza kuna nini. Chapchap akasimama, akainama kama msanii jukwaani: "Jamani, sababu ilikuwa ya kweli!" Bosi alicheka pia. Kisha akaacha kucheka, akanitazama mimi. Haya, rekebisha.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka nikiwa na jibu. Kitufe cha Ruhusu kitabaki kimefungwa mpaka msimamizi aandike sentensi moja kwa maneno yake: mchezaji huyu ni nani, na amefanya nini. Kunakili maneno ya wakala hakukubaliki. Neno moja halitoshi. Kukataa ni bure, kuruhusu ndiko kunakotaka jasho.

Kelele zake! Chapchap alishika kichwa. "Dada, mimi shule nilimaliza! Unanirudisha kwenye insha?" Bosi hakuwa na mzaha. Siku ya ufunguzi foleni itakuwa ndefu, wachezaji watalalamika, mipaka yangu inatuchelewesha.

Nikasema ndiyo, inatuchelewesha. Ndiyo kazi yake.

Nilihisi uso unawaka lakini sauti haikutetemeka. Hilo ndilo ninaloliandika hapa, nilikumbuke. Sauti haikutetemeka.

Mchana nikaongeza mpaka mwingine. Msimamizi akiletewa ombi linalomhusu ndugu au rafiki yake, haligusi. Analipeleka meza inayofuata, bila neno, bila dokezo. Huu haukubishiwa na mtu. Ulipita kama maji.

Ijumaa, 7 Machi

Jaribio la mwisho. Chapchap kaandika "Huyu tapeli mkubwa sana." Nimemrudishia. Kaandika "Huyu ni tapeli kwa sababu ni tapeli." Nimemrudishia. Akaja mpaka mezani kwangu, akaegemea kizigeu.

"Mwalimu Mkuu, unataka nini hasa?"

Nataka uniambie alichofanya.

"Sasa mpaka nikamsome mtu mzima mzima!"

Ehe.

Akaondoka akinung'unika. Ila sentensi yake ya tatu ilikuwa nzuri. Sikumwambia.

Nimekifundisha kitufe kukataa chenyewe sentensi kama zile mbili za mwanzo, kisha nimesaini. Jumatatu tunafungua. Nimeipitia kazi yangu upande huu na upande ule, na siiogopi. Kuna raha fulani ya kujua kitu kimekaa sawa — kama meza isiyocheza ukiiwekea mkono. Naweza kulala.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu amenitembeza bustanini kwake. Nilikaa chini kando ya kochi, yeye kanishikia simu mbele ya pua kama daktari.

Jina lake mle ni Malkia wa Mboga. Tangu avunjike mguu haendi shule, na wenzake waliacha kuja kumwona baada ya wiki za mwanzo. Mle ndani kila mtu anamjua. Amepanda mistari ya maua yenye rangi ambazo sikujua tunazo kwenye mchezo. Kila mgeni anayefika mjini hana kitu, yeye anampa miche. Bure. Anamwonyesha pa kuchimba, pa kuteka maji, kisha anamkimbilia mwingine. Mle anakimbia.

Nikamwambia asigawe hovyo hivyo, ajibakizie.

"Wee dada, wewe kila mtu unamwona tapeli." Akanipiga kichwani na mto.

Mama akacheka jikoni. Nami nikacheka. Kuna kitu kilinikuna akilini wakati ule, kidogo tu, nikakiacha kipite.

Jumatatu, 10 Machi

Tumefungua! Wageni wanamiminika, ramani yote inametameta. Mawakala wanakwenda vizuri — wanakaribisha, wananyamazisha, na wakifika kwenye kufuta wanasimama na kuomba, kama walivyofundishwa. Bosi anazunguka chumbani mikono nyuma. Foleni ipo, hata mimi nimeshika meza ya usimamizi leo, lakini inasogea. Nimeshakataa maombi kadhaa ambayo wiki iliyopita Chapchap angeyapitisha akitafuna. Inafanya kazi. Inafanya kazi!

Jumatatu hiyo hiyo, baadaye

Naandika hapa mezani, maana mikono inataka kitu cha kufanya.

Ombi limeingia kwangu. Futa akaunti: Malkia wa Mboga. Sababu ya wakala, safi, bila kosa: akaunti inasambaza mali kwa akaunti nyingi mpya, haipokei chochote, inarudia kutwa. Hivyo ndivyo matapeli wanavyotawanya mali ya wizi. Akaunti imefungiwa nje ikisubiri uamuzi.

Hapo hapo simu ikatetemeka. Mama. Mdogo wako amefungiwa nje analia, hataki hata kula, mwangalie basi huko kazini.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya Kataa. Mbofyo mmoja. Hakuna ambaye angejua, na ningekuwa sahihi pia! Ningekuwa nimemkatalia wakala aliyekosea.

Lakini mpaka ninaouruka mimi ukinibana, Bosi naye atauruka ukimbana yeye, na hapo nitakuwa nimechora mstari wa chaki. Nilijua hivyo bila kubishana na nafsi yangu. Nikaondoa kidole.

Nimelipeleka meza inayofuata. Bila neno. Meza inayofuata ni Chapchap.

Naandika ninachokiona. Spika masikioni. Karanga. Bosi kasimama nyuma ya kiti chake, anapigapiga mgongo wa kiti: twende, twende, foleni hiyo. Ombi limefunguka mbele yake. Ameandika kitu kifupi. Kitufe kimemkataa. Ameandika tena. Kimemkataa tena. Bosi ameguna, kanitupia jicho. Sikuinua uso.

Chapchap kavua spika.

"Dada. Hivi mtu akigawa miche yote hii, na yeye asipate hata mmoja, anafaidi nini?"

Siruhusiwi kujibu. Nimekunja vidole ndani ya kiganja.

"Dada, si nakuuliza wewe?"

Bosi: mjibu basi, tunachelewa!

Nimetikisa kichwa. Hilo nadhani naruhusiwa. Bosi amenitazama kwa muda, kisha akaitazama skrini, na naona ameanza kuelewa kwa nini ombi limetoka kwangu. Mkono wake umetoka kwenye kiti.

Chapchap kasukuma karanga pembeni. Hajarudi kwenye kitufe. Amefungua bustani yenyewe. Rangi za maua zinaonekana kwenye miwani yake. Anashuka mstari kwa mstari, polepole, midomo inacheza, anasoma majina ya waliopewa. "Hawa wote wamepanda," amesema, na kidole chake kimehamia kwenye Kataa.