Kadi ya Mama na Jino Lisilouma

Ipagala,
Dodoma.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Violeth,

Pokea salamu kutoka kwetu kwenye vumbi zije kwenu kwenye baridi ya Njombe. Hujambo? Shemeji Frank na watoto wanaendeleaje? Sisi wazima, isipokuwa goti la mama na tumbo langu, ambalo mke wangu anasema si ugonjwa, ni ugali.

Baada ya hayo, naomba usimame wima usome. Ukoo mzima unatangaziwa rasmi kwamba mama yako mkubwa, Germana, amepewa kadi ya wazee ya kupanda mabasi ya mjini bure. Sasa unaweza kukaa.

Najua binamu yetu Castory alikupigia simu akakuambia kwamba mama alimtukana mtumishi, kwamba tulifukuzwa, na kwamba safari za kwenda kwa mama yako ndiyo basi tena. Najua pia kwamba nilipokujibu "yote salama" hukuniamini. Ulifanya vyema.

Unajua kilichotupeleka kule ofisi ya kadi. Tangu mama yako alale kitandani Nkuhungu, mama hakai wiki bila kutaka kumwona. Huku Ipagala hana wa kuzungumza naye Kisandawe. Mimi nakiongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kutembea goti halitaki, na mfuko wangu unaujua.

Hata hivyo kadi yenyewe aliishuku tangu mwanzo. Alitaka aambiwe ni nani huyo anayegawa cha bure na anatafuta nini. Alipoombwa alama ya kidole, alikificha ndani ya khanga. Aliona kitaamka kesho kimeshauza shamba lake la Chemba. Nilimcheka, lakini na mimi niliisoma ile fomu mpaka upande wa nyuma, ambao haukuwa na kitu.

Dada wa dirishani naye alitushuku. Alimtazama mama alivyonyooka, akazitazama mvi zangu, akauliza mzee ni yupi kati yetu.

Sasa ukweli wenyewe, ambao Castory hakuungoja. Mama aliulizwa jina la ukoo. Akalitaja kama alivyolitaja maisha yake yote, ulimi ukagonga pale mwanzoni, kama Kisandawe kinavyotaka. Dada akaweka kalamu chini, akauliza kwa nini bibi anamsonya. Mama akadhani hajasikika, akalirudia kwa nguvu zaidi. Foleni nzima ikageuka kututazama. Castory, aliyekuwa nyuma kwa shida zake, hapo ndipo alipoondoka na habari yake.

Mimi niliiona kadi inayeyuka. Nikainama dirishani, nikasema, "Msamehe, dada, anaumwa jino."

Mama akanigeukia taratibu. "Noeli, mimi siumwi jino. Nimetaja jina."

Kisha akamwambia yule dada, "Mwanangu, hilo ni jina la baba yangu. Litamke kwanza nisikie unachotaka kuandika."

Dada akajaribu. Ikatoka sauti ya mtu anayeita kuku. Mama akamrekebisha, dada akajaribu tena, mpaka wazee wa kwenye foleni nao wakawa wanagonga ndimi zao. Safari hii lilipotoka karibu na lenyewe, mama alikitoa kidole kwenye khanga bila kuombwa.

Juzi tulikwenda Nkuhungu kwa kadi hiyo. Mama alimsimulia mdogo wake yote, nami sikusazwa. Mama yako, ambaye kicheko chake tulikuwa tumekisahau, alicheka mpaka akaomba maji. Halafu akaniambia nilitaje mimi hilo jina la babu yangu. Nikalitaja. Wakatazamana.

"Mwanangu," akasema mama yako, "kumbe mwenye jino ni wewe."

Nisalimie shemeji Frank, na umbusu Jenifa mdogo kwa niaba ya bibi zake wawili. Mungu awafunike huko kwenye ukungu.

Ni mimi kaka yako akupendaye, jino na yote,
Noeli